Mama Katungu Hataki Kuingia Bafuni

Kasese, 11 Februari 2024

Yaya Rachelle,

Pokea salamu zetu sote wa huku, dada yetu mkubwa. Nimetoka misa ya kwanza, nguo za kanisani bado ziko mwilini, nimekaa kukuandikia kabla nguvu hazijaniishia. Jospin ameingia darasa la pili na anajivunia daftari lenye mistari. Joto ni lile lile. Mama yenu anakula vizuri, hasa sombe ya majani ya muhogo, ila chumvi anasema siku zote haitoshi. Mdogo wako Achille anakusalimu. Kazi ni nyingi, harudi mapema.

Usishangae kuona barua badala ya simu. Simu ikilia tu hapa, Mama anainuka kitandani akisema ni Achille, na tukimaliza kuongea namtuliza mpaka jua linazama. Kwa hiyo nitampa dereva Asanasio barua hii kwenye basi lake dogo. Anasema kila siku anapita mbele ya kibanda chako cha mawese.

Shida yetu ni kuoga. Unajua nyumba hii ilijengwa kwa ajili ya fundi mmoja wa kiwanda cha saruji, ndiyo maana bafu liko ndani. Watu wanatuonea wivu. Lakini lina kidirisha kimoja tu, ukubwa wa daftari, kinachotazama ukuta wa jirani, na balbu haikai kwa sababu ya unyevu. Mama akifika mlangoni anashika fremu kwa mikono miwili. Anasema ni shimo. Yaya, wewe hukuwa nasi tulipokimbia vita Butembo, kwa hiyo nikueleze: tulijificha siku mbili katika shimo la kuivishia ndizi, yeye na mimi na Jospin, na majani yamefunikwa juu yetu. Hajawahi kulizungumzia. Sasa analizungumzia kila asubuhi akiona beseni.

Nimejaribu kumwogesha chumbani, anamwaga maji kitandani. Nimejaribu uani, lakini majirani wanapita, na yeye si mtoto.

Halafu wiki iliyopita kukatokea jambo. Jirani yangu, Mama Kusiima, alikuwa amenipa mmea katika kopo la siagi, ule wenye majani marefu yaliyosimama kama mapanga. Masista wa Butembo walikuwa nao barazani, wakiuita kwa Kifaransa ulimi wa mama mkwe. Hilo sijamwambia Mama. Jua la hapa liliuchoma, nikauweka bafuni nikausahau. Jumatano Mama akauona kutoka mlangoni.

“Ni nani ameweka mumea mu shimo?”

“Ni mimi, Mama.”

“Na haikufa?”

“Bado. Ni wiki ya pili.”

Akaachia fremu. Akaingia mwenyewe, akakaa kwenye kigoda, akatia kidole udongoni mpaka kifundo cha pili. “Umeipa maji mingi. Unataka kuizamisha?” Akaendelea kunigombeza kuhusu udongo, na mimi nikachota kikombe cha maji nikammwagia mgongoni taratibu. Kidole hakikutoka udongoni. Nilimwogesha mwili mzima, kwa mara ya kwanza tangu Noeli.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza, huko kwenu kuna sehemu zenye kivuli na maji, nitafutie mimea inayovumilia giza. Mmoja hautoshi, ameshauchoka. La pili, njoo umchukue mama yako mwezi mmoja. Mgongo wangu umekwisha.

Wako katika ukoo,
Kavira

*

Bwera, 6 Machi 2024

Mama Jospin,

Asanasio alinipa barua yako mu mukono, jasho yake yote juu. Tuko bazima. Gracien anatembea na fimbo tangu gunia ya muhogo imuangukie mu muguu. Watoto walikuwa na malaria, imeisha. Mvua ni mingi, soko yote matope.

Nilisoma habari ya Mama na mumea nikacheka, halafu kicheko ikakatika. Hiyo ya shimo sikujua.

Nakutumia mimea mbili mu gunia ya sukari. Moja ni ile ya vidole vingi, inaota kando ya mto Lubiriha kwenye jua haifiki. Hiyo inapenda mvuke. Ingine inatambaa, majani yake inafanana na moyo. Hiyo usiiweke kwenye sabuni inaruka. Zote toboa kopo chini kwa musumari ya moto, maji yatoke. Mama ndiye alitufundisha hivyo, kama kichwa yake ingekuwa sawa angekuambia mwenyewe.

Kuja, siwezi kwa sasa. Siku ya soko sifungi, na siku ingine niko na muguu ya Gracien. Vumilia kidogo.

Bikira Maria awafunike hapo nyumbani.

Rachelle

*

Kasese, 21 Aprili 2024

Yaya Rachelle,

Natumaini mguu wa shemeji unapata nafuu na mvua imepungua. Huku tumejaa vumbi, hata uji una mchanga. Jospin aliugua kikohozi, amepona. Achille hajambo, kazi tu. Safari hii hukuuliza habari zake, nikashangaa kidogo.

Mimea ilifika hai. Asanasio alikuwa ameipakata kama mtoto. Ule wa vidole vingi umefurahia bafu kuliko sisi wote, unatoa vidole vipya vilivyojikunja kila wiki. Ule wa kutambaa niliuweka karibu na beseni licha ya onyo lako, shina likaoza. Mama aliona kabla yangu. Alikata kipande kizima, akanidai chupa ya maji, na sasa kipande kina mizizi. Sikumfundisha. Mikono yake inakumbuka vitu ambavyo yeye mwenyewe amesahau.

Sasa kuna utaratibu. Asubuhi nasema, “Mama, twende tukaangalie mimea.” Anaingia. Wakati anapangusa majani kwa kitambaa, mimi nasugua. Mkono wa kulia ukiwa na kazi, naosha wa kushoto. Jumamosi natoa makopo yote kwenye kivuli cha baraza yapate hewa, na siku hiyo haogi, kwa sababu bafu likiwa tupu linarudi kuwa shimo.

Usidhani basi kwamba mambo ni mepesi. Anachafua shuka karibu kila siku. Juzi alinipiga na kikombe hapa juu ya jicho, kisha akaniuliza nani kaniumiza. Ninashona sare za shule kwa cherehani ya Mama Kusiima, lakini nikikaa tu naitwa. Mara kumi kwa saa ananiuliza Achille yuko wapi. Ninamjibu, “Yuko kazini, Mama, atarudi jioni.” Anatulia, halafu anauliza tena.

Mwezi mmoja tu, Yaya. Au wiki mbili. Ni mwendo wa saa moja na nusu.

Kavira

*

Bwera, 18 Juni 2024

Mama Jospin,

Unisamehe kwa kukawia. Biashara, mazishi ya jirani, mambo mingi. Muguu ya Gracien imepona lakini sasa ni mimi presha.

Nakutumia samaki wa kukauka na sabuni sita. Mama akisumbua sana juu ya Achille, mwambie tu mutoto wake iko, anakula, amekonda kidogo lakini ana afya. Hiyo itamutuliza.

Nitakuja nikipata nafasi. Usichoke.

Rachelle

*

Kasese, 23 Juni 2024

Yaya,

Samaki na sabuni nimepokea, asante. Pole kwa presha. Jospin na Mama hawajambo.

Nimesoma barua yako mara nne. Umeandika amekonda kidogo. Mtu anayeishi nyumba moja na mimi, wewe umemwona wapi hata ujue amekonda?

Basi niseme mimi kwanza. Achille hayupo hapa. Aliondoka Jumatatu tarehe 9 Oktoba mwaka jana, na mfuko wenye nguo zake za kanisani. Alisema anakwenda Hima kutafuta kazi. Nilikwenda Hima mara mbili, nikasimama barabarani kwenye malori nikiwaonyesha watu picha yake. Hakuna aliyemjua. Simu yake haipatikani. Salamu zake zote nilizokuandikia nilizitunga mwenyewe.

Utaniuliza kwa nini. Niliogopa utafikiri namtupa Mama kwa sababu mwanawe amenitupa mimi. Nikikuomba umchukue mwezi mmoja kama mke wa kaka yako, hayo ni maombi. Nikikuomba kama mwanamke aliyeachwa, ungesema ananirudishia mzigo. Kwa hiyo nikamweka Achille kazini, kwa Mama na kwako pia. Ilikuwa rahisi, maneno yalikuwa yale yale.

Sasa nimemaliza. Niambie ulimwona wapi.

Kavira

*

Bwera, 11 Agosti 2024

Mama Jospin,

Barua yako iko chini ya mutungi wa mawese wiki saba. Kila asubuhi naiona. Gracien aliniambia jana: “Ukinyamaza tena, mimi nitapanda gari nikamwambie.” Kwa hiyo naandika.

Achille iko Kasindi, ng’ambo ya mupaka. Anaishi na mwanamuke mwenye kupika chakula cha madereva. Mwanamuke huyo amezaa mutoto mwezi wa tano. Nilijua tangu Novemba. Siku za soko anavuka, anakaa kwenye kibanda yangu, ananiuliza, “Mama anakula? Jospin anasoma?” Namupa chakula, Kavira. Nilimufukuza mara moja, akarudi, na ni mudogo wangu, nikamupa chakula.

Uliandika ni saa moja na nusu. Hesabu hiyo naijua. Mara mbili nilifika stendi. Mara moja nilikaa hata ndani ya gari, nikashuka. Ningeingia namna gani mu nyumba yako, unipe kiti, unipe chai, unisugulie mama yangu mbele ya macho yangu, na mimi nanyamaza? Na kama ningesema, ni mimi ningekuwa nimeleta habari. Nikaona heri nionekane mutu mubaya asiyependa mama yake.

Kuna jambo ingine na hiyo nitaisema pia, nisibaki na kitu. Ile mimea ya mwezi wa tatu. Nilimusomea Achille barua yako. Akashuka mutoni, akarudi na matope mpaka magotini. Ni yeye alichimba. Aliniomba nisikuambie.

Sina maneno ya kufunga barua hii.

Rachelle

*

Kasese, 25 Agosti 2024

Yaya Rachelle,

Mwambie shemeji Gracien namshukuru. Jospin hajambo. Mama alipata homa, imeshuka.

Nilipomaliza kusoma nilikwenda bafuni kuitoa ile mimea nikaitupe jalalani. Nilikuwa nimeshashika kopo la kwanza. Mama alikuwa ndani kwenye kigoda chake, kitambaa mkononi, akaniambia, “Polepole, utavunja vidole vyake.” Nikasimama hapo na kopo, nikilia kama mtoto, na yeye akaendelea kupangusa majani. Kisha nikalirudisha mahali pake. Nifanye nini? Nikiitupa, kesho nitamwingizaje bafuni? Ninaimwagilia. Kila asubuhi namwagilia kitu alichochimba Achille na kumsugua aliyemzaa yeye, na yeye yuko Kasindi anakula wali wa madereva.

Sikulaumu kwa chakula ulichompa. Hata mimi ningempa ndugu yangu. Lakini miezi yote hiyo nilikuwa nasimama dirishani jioni, Yaya. Hata baada ya Hima, nilikuwa bado nasimama. Ungeniambia tu nikae.

Sasa sikiliza. Shule ya chekechea ya parokia imenipa kazi. Nilikuwa mwalimu Butembo kabla sijawa haya yote, na paroko amekubali cheti changu. Muhula unaanza Jumatatu tarehe 16 Septemba. Siwezi kuwa darasani na bafuni kwa wakati mmoja. Achille simwiti, mtoto wa kiume hamwogeshi mama yake. Lakini wewe ni binti yake.

Njoo Jumamosi tarehe 14. Safari hii siombi. Nitakuonyesha namna ya kumshika, kisha utakwenda naye. Chai nitakupa, na utakunywa.

Kavira

*

Bwera, 20 Oktoba 2024

Mwalimu Kavira,

Salamu kwako na kwa mutoto. Gracien ananiagiza nikusalimu kwa heshima. Mawese imepungua, lakini tunakula.

Mama iko muzima. Nilikuwa nafikiri nitakuandikia baada ya wiki moja, lakini jioni ikifika nimechoka, hata kalamu siwezi. Sasa najua ulichokuwa unaandika. Nilikuwa nasoma tu kama habari za redio.

Ile Jumamosi kwako bado inanikaa mu roho. Uliniweka bafuni karibu na yeye, ukanipa kikombe, ukasema, “Anza na mabega.” Na Mama akanitazama, akageukia wewe: “Binti yangu, huyu mama munene anataka nini?” Binti yangu alikuita wewe. Wewe hukucheka, ulimwambia tu, “Amekuja kunisaidia.” Nikashukuru Mungu maji yalikuwa kwenye uso yangu pia.

Hapa bafu yangu ni mabati bila paa, mbingu yote inaonekana. Shimo haogopi tena. Lakini mikono yangu hataki. Kopo la vidole vingi ulilonipa lilikauka mu siku tisa, jua ni kali. Alilisikitikia siku mbili nzima. Sasa nimepanda maboga karibu na mulango, anayagusa, na mimi naosha haraka haraka. Siku zingine inawezekana. Siku zingine nanuka mimi na yeye pamoja.

Ijumaa ya juzi Achille alikuja. Nilimwambia leo usikae kwenye kibanda, fika nyumbani. Akapiga magoti mbele ya kiti cha Mama.

“Mama, ni mimi.”

“Wewe ni nani?”

“Achille, Mama. Mutoto wako.”

Akamutazama vizuri, hata akamushika kidevu. Halafu akasema, “Hapana. Achille iko kazini. Atarudi jioni.”

Mama akarudia hivyo mara tatu. Achille alibaki pale chini mpaka Gracien akamuinua. Hakula siku ile.

Mbele ya kuvuka kurudi Kasindi aliniambia nikuulize kama anaweza kuja Kasese Noeli. Sikumujibu kwa niaba yako. Nakuuliza tu, juu ya niliahidi sitakuficha kitu tena.

Mama anakuulizia kila siku. Hasemi jina. Anasema, “Yule wangu.”

Rachelle

*

Kasese, 3 Novemba 2024

Yaya Rachelle,

Jospin anakusalimu, amejifunza kuandika jina lako na ameliandika ukutani. Nina watoto thelathini na wanane darasani, wengi bado wanalia asubuhi. Nikirudi nyumbani, nyumba iko kimya. Wiki ya kwanza nilioga kwa muda mrefu sana, nimekaa kwenye kigoda, bila mtu kuniita. Wiki ya pili nikaanza kusikiliza kama naitwa. Jana nililala mchana mpaka saa kumi na nilipoamka bado nilikuwa nimechoka. Nadhani uchovu huu hauwezi kutoka kwa mwezi mmoja.

Nimefikiri hivi. Muhula wa shule, Mama akae kwako. Likizo, akae kwangu. Tunafunga tarehe 6 Desemba. Mlete Jumamosi tarehe 7, uje naye wewe mwenyewe, ulale hapa, tusaidiane siku ya kwanza mpaka azoee tena. Shule ikifunguliwa nitamleta Bwera. Tutafanya hivyo mpaka Mungu atakapoamua vingine.

Kuhusu Achille: asije Noeli. Mlango huu hatapita. Jospin akitaka kumwona baba yake, nitamleta mimi kwenye kibanda chako siku ya soko, mchana, na tutarudi Kasese siku hiyo hiyo. Mwambie maneno haya kama yalivyo, usiyalainishe.

Na hilo la Mama limeniuma kuliko nilivyotarajia, kwa sababu maneno aliyomwambia ni yangu. Nilimlisha uongo huo kila siku, mwaka mzima, mpaka ukakaa. Nimeamua, akirudi huku na kuniuliza Achille yuko wapi, nitamwambia yuko Kasindi na mke mwingine. Najua atalia. Atasahau kabla sijamaliza kumsugua mgongo, ataniuliza tena, na mimi nitamwambia tena.

Kavira